UZI: Moshi wa injini ndogo Nairobi. Kabla hujalaumu mafuta, angalia jeti

#1 Jeti68

Wadau, uzi huu ni wa injini za kazi: jenereta za dukani, pampu za maji za inchi 2 na 3, mashine za kukata nyasi, pawasoo, bodaboda za kabureta, vinu vya posho. Magari ya kompyuta tuyaache nje.

Kuna jambo halisemwi kwenye kaunta za spea. Kwa kabureta, Mombasa na Nairobi si mji mmoja. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari. Shinikizo la hewa hapa ni kama kilopaskali 83, pwani ni 101. Jeti, yaani kiskrubu chenye tundu linalopimia petroli ndani ya kabureta, ni tundu tu, haijui imepandishwa mlima. Hewa ikiwa nyepesi petroli nayo hupungua, lakini haipungui kwa kiwango cha hewa. Ukipiga hesabu unapata mchanganyiko mzito zaidi (wenye petroli nyingi) kwa karibu asilimia 9. Injini iliyotoka kiwandani ikichanganya kilo 13 za hewa kwa kilo 1 ya petroli, hapa inachanganya 12 kwa 1. Petroli ili iungue yote inataka 14.7.

Hiyo ziada huioni kwenye nguvu, unaiona kwenye bomba la moshi. Kwa 13 kwa 1, kaboni monoksaidi (CO) ni karibu asilimia 4 ya moshi. Kwa 12 kwa 1 inapita 6. Ongeza petroli mbichi na masizi.

Na nguvu yenyewe imeshuka. Vitabu vya Honda vinasema injini hupoteza asilimia 3.5 kwa kila mita 300, hata ukishairekebisha kabureta. Kwa hapa ni karibu asilimia 20. Jenereta iliyoandikwa 2.5 kVA ihesabu 2. Mtu anaichomekea draya ya saluni na birika la umeme kwa pamoja, gavana (kifaa kinachoshikilia mwendo wa injini) inafungua kipepeo cha kabureta hadi mwisho, moshi mweusi unatoka, halafu lawama zinakwenda kwa kituo cha mafuta.

#2 MamaMtambo

Asante fundi. Sasa hiyo jeti mtu anaijuaje? Jenereta nyingi zina nakala za injini ya Honda GX200, na muuza spea akiulizwa jeti anatoa kabureta nzima.

#3 Jeti68

Mama, usikimbilie jeti kwanza. Nusu ya injini "zinazokula mafuta" zina tatizo la hewa. Mimi ningeenda hivi:

Chujio la hewa. La sponji lioshe kwa maji ya moto na sabuni, likauke kabisa, lipake oili safi kidogo kisha ulikamue ndani ya kitambaa mpaka lisidondoshe. Sponji iliyolowa oili ni sawa na choki (kipepeo cha kubana hewa wakati wa kuwasha) iliyofungwa. La karatasi halioshwi, hubadilishwa.

Choki. Fungua chujio, sukuma mkono wa choki, uone kwa macho kama kipepeo kimelala wazi kabisa. Kwenye nakala nyingi mkono unasogea lakini kipepeo kinabaki nusu.

Vali, injini ikiwa baridi: ya kuingiza 0.15 mm, ya kutolea 0.20 mm. Plagi BPR6ES, mwanya 0.7 hadi 0.8 mm.

Bakuli la kabureta. Kama petroli inavuja kwenye tundu la kupumulia, vali ya sindano ya floti (boya la bakuli) imeliwa au kuna uchafu chini yake. Jeti yoyote utakayoweka haitasaidia kitu.

Hapo ndipo unafika kwenye jeti. Funga koki ya tangi, fungua nati ya bakuli kwa spana ya 10, bakuli linashuka na washa yake. Katikati ya nguzo utaona kiskrubu cha shaba chenye mfereji. Tumia bisibisi inayojaa mfereji wote, maana shaba ni laini na ukiuchana umepoteza siku. Ubavuni au usoni mwa jeti kuna namba. Kwenye kabureta za Keihin na nakala zake, namba hiyo ni kipenyo kwa sehemu za mia za milimita: 70 ni tundu la 0.70 mm. Kupunguza petroli kwa asilimia 9 unapunguza kipenyo kwa asilimia 4 hadi 5. Kwa hiyo 70 inakuwa 67, na 68 itafaa. Jeti nyingi za Mikuni zina namba za mtiririko, si za kipenyo, usilinganishe namba zake na za Keihin.

Kisha soma plagi. Weka mzigo wa kawaida dakika 10, zima kwa swichi mzigo ukiwa bado upo, usiache injini itulie kwanza. Toa plagi. Kauri ya rangi ya biskuti ni sawa. Masizi meusi makavu ni petroli nyingi. Nyeusi inayong'aa na kulowa ni oili. Nyeupe kama chokaa ni petroli kidogo, simamisha kazi.

Mambo mawili yanayoua jeti mpya: kuzibua kwa waya wa breki, na kuziba tundu kwa risasi kisha kulitoboa upya "kwa makadirio". Tumia dawa ya kabureta na hewa ya kompresa, au unyuzi mmoja wa nailoni.

Na andika kwenye tangi kwa rangi: JETI YA NAIROBI. Jenereta hiyo ikipelekwa Mombasa bila kurudishiwa jeti kubwa itapata petroli kidogo, itachemka, na vali ya kutolea itaungua.

#4 BodaMwiki

Kwa bodaboda kuna tofauti kidogo. Kabureta za slaidi, zile nyingi za 100cc, zina sindano yenye mifereji na klipu. Klipu ikipanda mfereji mmoja, sindano inashuka na mchanganyiko unakuwa mwepesi kwa mwendo wa katikati, ambao ndio mwendo wa mjini. Kwa kawaida hiyo peke yake inatosha, jeti kuu isiguswe. Kabureta za diaframu za 150cc zinajirekebisha kidogo zenyewe kwa mwinuko, ila si kabisa.

Skrubu ya mwendo wa chini ndiyo inayochanganya watu. Ikiwa upande wa chujio, inapima hewa: kufungua ni kupunguza uzito. Ikiwa upande wa injini, inapima petroli: kufungua ni kuongeza uzito. Fundi asiyejua hilo anaizungusha kwa mazoea na kwenye pikipiki nyingine anafanya kinyume. Pasha injini moto, tafuta pale inapozunguka haraka zaidi, kisha rudisha mzunguko kwa skrubu ya kipepeo.

Moshi wa bluu hausiani na jeti, hiyo ni oili. Ukitoka unapoachia mteremkoni kisha ukashika tena akseli, ni sili za vali. Ukitoka unapovuta mzigo mlimani, ni ringi. Kuthibitisha: pima kompresheni, kisha mimina kijiko kimoja cha oili kwenye tundu la plagi upime tena. Ikipanda sana, ringi zimekwisha. Isipopanda, tazama vali.

Oili iwe ya JASO MA au MA2, viwango vya Japani vya oili ya pikipiki. Oili nyingi za magari madogo zina dawa ya utelezi, na klachi ya pikipiki inaogelea ndani ya oili hiyo hiyo. Klachi ikiteleza unashika akseli zaidi kwa mwendo ule ule, na hapo unachoma petroli bure.

Jambo la mwisho. Pikipiki nyingine zina bomba dogo la mpira kutoka kasha la chujio hadi kichwani karibu na mlango wa moshi. Linapuliza hewa safi imalizie kuunguza gesi zilizobaki. Mafundi wanaliziba kwa sababu pikipiki "inapiga risasi" ukiachia. Mara nyingi kosa ni gasketi ya bomba la moshi inayovuja, au pailoti (jeti ndogo ya mwendo wa chini) iliyoziba. Badilisha gasketi kwanza, ni ya bei ndogo.

#5 OiliMbili

Mmesahau injini za stroki mbili, ambazo ndizo mbaya kuliko zote. Pale pistoni iko chini, mlango wa kuingiza na wa kutolea viko wazi kwa pamoja. Petroli mpya inayosukuma moshi wa zamani hutoka nao: asilimia 20 hadi 30 ya mafuta yako yanapita bila kuungua. Hakuna jeti ya kuponya hilo. Kile kijenereta cha buluu cha wati 650 kina harufu ya petroli mbichi hata kikiwa kizima kabisa.

Uwezalo ni kutozidisha ubaya:

Uwiano wa 25 kwa 1 ni mililita 40 za oili kwa lita. Wa 50 kwa 1 ni mililita 20. Kwa dumu la lita 5 ni 200 na 100. Pima kwa sindano ya duka la dawa, si kwa kifuniko cha chupa. Weka nusu ya petroli, oili, tikisa, malizia petroli, tikisa tena. Usichanganyie ndani ya tangi. Oili inashuka chini na plagi inalowa asubuhi.

Oili yenyewe iwe ya stroki mbili kwa injini inayopozwa na hewa: JASO FB ni ya chini, FC na FD zina moshi kidogo. TC-W3 ni ya injini za mashua zinazopozwa na maji, haiwezi joto la pawasoo. Oili ya gari ya SAE 40 ina kalisi na zinki zinazobaki kama majivu kwenye plagi na kuziba mwanya. Mchanganyiko ukipita siku 30, mpe mwenye kuuwasha moto wa taka, usimpe mashine.

#6 Pawasoo_Karura

Lakini ndugu, oili ikizidi kidogo si injini inadumu zaidi? Sisi tunaweka mara mbili kwa mashine nzee.

#7 OiliMbili

Hapana. Jeti inapitisha ujazo ule ule. Ukijaza oili mahali pa petroli, petroli inayoingia imepungua, kwa hiyo mchanganyiko unakuwa mwepesi na injini inachemka zaidi. Oili ya ziada nayo haiungui, inakaa kama makaa kwenye mlango wa kutolea moshi. Fungua silensa ya mashine kama hizo: tundu la duara limebaki mwezi mwandamo. Likwangue kwa kipande cha mbao au plastiki ngumu, pistoni ikiwa imefunika mlango, kisha puliza. Wavu wa cheche uuchome kwa moto wa gesi mpaka masizi yageuke majivu. Mashine nzee inataka ringi.

#8 Kipimo_Wima

Kuhusu mafuta ya kuchakachua, kwa sababu swali hili halikosi. Mafuta taa yalipokuwa na bei ya chini sana kuliko dizeli, kuchanganya kulikuwa biashara. Mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta taa ili kuiua faida hiyo, na bei zinazotangazwa na EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, kila tarehe 14 ya mwezi zimeyasogeza karibu na dizeli. Kishawishi kimepungua, hakijafa.

Mafuta taa ndani ya petroli hufanya mambo matatu: injini inagonga ikivuta mzigo, inakataa kuwaka ikiwa baridi, na oili inaongezeka kimo kwa sababu mafuta taa hayakuvukizwa yakashuka kando ya ringi. Ukiona kijiti cha oili kinapanda badala ya kushuka na kinanuka, mwaga oili leo. Ila kumbuka vali ya floti inayovuja nayo hupandisha oili kwa petroli safi.

Kupima: tone kwenye karatasi nyeupe hewani. Petroli hupotea kwa dakika chache bila alama. Ikibaki duara la mafuta, kuna kitu kizito. Bora zaidi ni haidromita. Petroli iko kati ya 0.72 na 0.775 kilo kwa lita, mafuta taa kama 0.78 hadi 0.82, dizeli 0.82 hadi 0.86.

Anayeuliza kama petroli ya supa bado ina madini ya risasi: la. Kenya iliachana nayo mwanzoni mwa 2006. Kampeni ya dunia iliongozwa kutoka hapa hapa Gigiri na UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, na nchi ya mwisho, Algeria, ilimaliza akiba yake mwaka 2021.

#9 Muhoroni_E10

Na ethanoli (spiriti)? Kenya iliwahi kuchanganya ya kiwanda cha Muhoroni kwenye petroli miaka ya 1980, na mjadala hurudi kila mara.

#10 Kipimo_Wima

Kwa injini za Nairobi zenye mchanganyiko mzito, ethanoli ya asilimia 10 ingepunguza CO, kwa sababu inahitaji hewa kidogo: mchanganyiko unakuwa mwepesi kwa karibu asilimia 4 bila kugusa jeti. Nishati ni ndogo, megajuli 21 kwa lita dhidi ya 32 za petroli, basi utatumia lita zaidi kidogo.

Hatari ni maji. Petroli ya namna hiyo hubeba maji kama nusu asilimia tu. Yakizidi, ethanoli na maji hushuka pamoja chini ya tangi, pale pale koki inaponyonya. Pampu ya kumwagilia inayolala miezi mitatu ndiyo mhanga. Kupima: silinda ya kioo yenye alama, mililita 90 za petroli na 10 za maji, funga, tikisa, ngoja dakika 10. Tabaka la chini likibaki 10, hakuna ethanoli. Likisoma 18, ipo karibu mililita 8. Fanya nje, mbali na jiko.

#11 GesiTu

Mmeongea petroli tupu. Jenereta inakubali gesi ya kupikia, na kwa biashara za mtaani ni njia safi zaidi: hakuna masizi, oili inabaki rangi ya asali, hakuna kumwaga petroli ukijaza. Kaboni dioksaidi hupungua kama asilimia 10 hadi 15 kwa kazi ile ile.

Kinachokosewa ni regulata. Ya jiko peke yake haitoshi. Lazima ifuatwe na regulata ya mvuto, ile yenye diaframu inayotoa gesi pale tu injini inapovuta. Bila hiyo, injini ikizimika gesi inaendelea kuingia kwenye kasha la chujio, na ukivuta kamba tena unavuta mlipuko. Funga koki ya petroli, acha bakuli likauke, ndipo ufungue gesi. Viungo vyote uvipake povu la sabuni.

Mtungi uwe wa kilo 13 na usimame wima. Wa kilo 6 ukivutwa na injini ya 2 kVA unatoa jasho, kisha barafu, kisha injini inakohoa: gesi inachukua joto la chuma ili igeuke mvuke, na butani huchemka kwenye karibu sifuri selisiasi. Asubuhi za Julai utaliona hilo vizuri. Usiulaze mtungi ili "isaidie", utapeleka gesi iliyo bado kimiminika kwenye regulata. Mwanya wa plagi upunguze hadi 0.6 au 0.7. Nguvu inashuka asilimia 10 nyingine.

#12 Jeti68

Niongeze onyo kwa GesiTu. Gesi inaficha makosa. Skrubu ya mzigo, ile inayopima gesi inayokwenda kwenye injini, ikifunguliwa kupita kiasi, CO inapanda kama kawaida, lakini huoni moshi wala husikii harufu kali. Rekebisha hivi: ukiwa na mzigo kamili, funga skrubu polepole mpaka injini ianze kuyumba, kisha fungua robo mzunguko tu.

#13 Dizeli_Kinu

Kwa wenye vinu na dizeli za silinda moja, fizikia ni ile ile ila dawa si jeti. Pampu inatupa kiasi kile kile cha dizeli Nairobi na Mombasa. Hewa ndiyo imepungua. Moshi mweusi ni dizeli isiyopata hewa. Skrubu ya kikomo iliyofungwa kwa lakiri, ambayo kila mwendeshaji hupenda kuifungua "ipate nguvu", inatakiwa irudishwe upande wa kupunguza dizeli, si wa kuongeza. Dalili ya mpangilio mzuri: mahindi yakiingia kwa wingi, moshi uwe wa kijivu hafifu, usizibe mwanga.

Chujio la bafu ya oili: oili ifike kwenye alama, isizidi, na kwenye vumbi la unga ibadilishwe kila wiki. Nozeli (ncha inayoingiza dizeli kwenye silinda) inayodondosha badala ya kunyunyiza hugonga na kutoa moshi. Ipelekwe kwenye mashine ya kupimia, haipimwi kwa macho wala kwa kidole. Dizeli inayotoka kwenye nozeli hupenya ngozi, usiweke mkono mbele yake.

Salfa si tatizo kubwa tena, dizeli yetu ilishushwa hadi sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015. Tatizo jipya ni mafuta ya kukaangia chipsi yanayomiminwa tangini yakiwa mabichi. Uzito wake wa kutiririka ni karibu mara kumi ya dizeli. Hayanyunyiziki, yanajenga makaa kwenye nozeli na kugandisha ringi. Kuyafanya biodizeli kunahitaji methanoli na kemikali ya kuchochea, kuosha na kukausha. Kuchuja kwa kitambaa hakutoshi.

#14 Mlinzi_wa_Ngazi

Kuna jambo limeguswa juu juu. Mtu akisoma uzi huu anaweza kudhani jeti ikishakuwa sawa jenereta inaweza kukaa ngazini. Haiwezi.

CO asilimia 4 ni sehemu 40,000 kwa milioni. Hewa yenye 12,800 huua ndani ya dakika tatu. 800 hukupa kichefuchefu na kizunguzungu ndani ya saa moja na kuua ndani ya saa chache. Hata viwango vya Marekani vya injini hizi ndogo vinaruhusu gramu 610 za CO kwa kila kilowati-saa. Kwa hiyo stika ya "imepita viwango" haimaanishi salama ndani ya nyumba. Zaidi ya nusu kilo ya gesi isiyo na harufu, kila saa kwa kila kilowati, kwenye jengo lenye madirisha yaliyofungwa.

Mita 6 kutoka dirisha au mlango wowote, bomba la moshi likitazama nje, upepo ukipeleka moshi mbali na nyumba. Veranda iliyowekewa grili na turubai ni chumba. Kengele ya CO iwekwe chumba cha kulala, si karibu na jenereta.

#15 MamaMtambo

Na kurefusha bomba la moshi kwa paipu ya maji mpaka juu ya paa?

#16 Mlinzi_wa_Ngazi

Si paipu ya maji. Mabati yake hutoa mvuke wa zinki yakichemka, na kila kiungo cha nyuzi kitavuja. Chuma cheusi cha kuchomelea, kipenyo kikubwa kuliko mlango wa silensa, kipande cha bomba linalopinda katikati ili mtetemo usivunje kichwa, na mteremko wa kutolea maji nje. Kikiwa kirefu na chembamba kinarudisha presha na injini inachemka. Na hata hivyo jenereta ibaki nje. Bomba refu linavuja siku usiyolitazama.

#17 MamaMtambo

Nimeelewa. Mashine iko uani, mita 8. Choki ilikuwa nusu, imefunguliwa. Plagi bado nyeusi kavu. Jeti imeandikwa 75.

#18 Jeti68

Anza na 72. Badilisha na washa ya bakuli ukifungua, ile ya zamani haitaziba tena. Dakika 10 na mzigo, zima kwa swichi, leta rangi ya plagi hapa.